Kati ya Shughuli na Shughuli: Kweli na Uongo Kuhusu Bendi ya Ridhaa

Hapa Mutuka, kama ilivyo katika kata nyingine za mji wa Babati, kalenda ya muziki inafuata shamba na kanisa. Mahindi yakishavunwa na mbaazi zikaanza kuuzwa, fedha inaonekana mitaani na harusi zinapangwa. Septemba na Oktoba kuna mahafali ya kidato cha nne. Desemba walio mbali wanarudi nyumbani, na kila mwisho wa wiki kuna ubarikio, sendofu au ndoa. Halafu inakuja Januari na ada za shule, mvua na palizi, na baada yake Kwaresma, ambapo makanisa mengi hayafungishi ndoa. Bendi ya ridhaa, ya mwalimu, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na wanakwaya wawili watatu wanaopiga nyimbo za bendi kubwa kwenye sherehe za watu, inaweza kukaa miezi mitatu bila kuitwa popote.

Bendi hufa katika miezi hiyo. Haifi kwa vidole kuwa vizito, maana vidole vinarudi haraka. Inakufa kwa sababu makubaliano yameyeyuka: nani anaanza, nani anasubiri, tunatoka vipi kwenye ubeti, tunazima vipi. Na kuna maneno yanayozunguka kati ya wanamuziki ambayo yanaharakisha kifo hicho. Nimeyasikia kwenye mazoezi na kwenye vibaraza, na mengine yanasemwa kwa uhakika mkubwa. Nayachukua moja moja.

“Nyimbo tunazijua. Tutakutana shughuli ikipatikana.”

Si kweli, na ndilo neno linalogharimu kuliko yote. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mifululizo ya silabi zisizo na maana, akapima alichobakiza baada ya muda. Sehemu kubwa ilipotea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza, kisha upotevu ukapungua kasi. Wimbo una maana na una mdundo, kwa hiyo unakaa kichwani kuliko silabi zake. Lakini hata wimbo unavuja, na unavujia pale pale kila mara: maneno yapo, mdundo upo, ila ile njia ndogo kati ya ubeti wa pili na kiitikio haipo tena. Mmoja anarudi kwenye kiitikio, mwingine ameshaanza solo, mpiga besi anawaangalia wote wawili.

Ebbinghaus aliona jambo la pili, na hili ni habari njema kwetu. Alichokuwa amekisahau alijifunza upya kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Wimbo uliopigwa vizuri Desemba haujafutika Machi. Unahitaji kuguswa tu. Ukiguswa kidogo kila baada ya wiki mbili, hakuna siku utakayolazimika kuujenga upya kuanzia msingi. Ukiachwa hadi mtu wa kamati ya harusi apige simu Jumatano kwa ajili ya Jumamosi, mtaujenga upya jukwaani, mbele ya wakwe.

“Wakongwe walikuwa wakali kwa kipaji. Sisi hatutafika.”

Kipaji walikuwa nacho. Lakini tazama walivyoishi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, wana Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, vijana wa chama walikuwa na Vijana Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa: kazi yao ilikuwa kufanya mazoezi mchana na kupiga usiku, siku kadhaa kila wiki. Mtu aliyepiga gitaa la rizimu namna hiyo kwa miaka kumi hakuhitaji kukumbushwa wapi wimbo unageuka.

Huko Ulaya hadithi ni ile ile. Beatles walipokwenda Hamburg mwaka 1960 walikuwa bendi ya kukopi, wakipiga nyimbo za Wamarekani kwa saa nne na zaidi kila usiku. Tarehe 11 Februari 1963 waliingia studio London, na kwa siku moja wakarekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza. Albamu hiyo ina nyimbo 14, na sita kati yake ni za watu wengine.

Kwa hiyo tofauti kubwa kati yao na bendi ya Mutuka ni saa za kupiga pamoja. Mwalimu na fundi cherehani hawatazipata saa hizo, na hakuna sababu ya kujidanganya. Wanachoweza ni kuchagua kwa uangalifu saa chache walizonazo waziweke wapi.

“Bora tutenge Jumamosi moja kwa mwezi, tupige kutwa nzima.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bendi nyingi za ridhaa zinafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Ni rahisi kupanga, kila mtu anaomba ruhusa mara moja, mnapika wali, mnapiga nyimbo ishirini kuanzia mwanzo hadi mwisho, mnaachana jioni mkiwa mmeridhika. Kuridhika huko kunadanganya. Katika majaribio yale yale, Ebbinghaus aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalifanya kazi sawa na marudio 68 yaliyorundikwa siku moja. Watafiti wengi waliomfuata wameendelea kupata jambo hilo hilo kwa mambo mengi, muziki ukiwemo: mazoezi yaliyogawanywa yanadumu kuliko yaliyorundikwa. Kama mna saa sita kwa mwezi, zigaweni mara nne za saa moja na nusu.

Lakini kugawa muda peke yake hakutoshi mkiendelea kupiga nyimbo nzima nzima. Sehemu kubwa ya wimbo haiwatishi: ubeti mnaujua, kiitikio mnakijua, mdundo unajiendesha. Mnapoupiga wimbo mzima wa dakika saba mnatumia dakika sita mkifurahia mnachokiweza na sekunde chache tu mkigusa penye tatizo. Halafu mnaingia wimbo unaofuata.

Chukua wimbo wa dansi wa kawaida. Una nusu mbili. Kwanza kuna uimbaji, mwendo wa taratibu, kisa kinasimuliwa. Halafu chemko: kasi inapanda, magitaa yanajibizana, watu wanainuka kwenye viti. Kati ya nusu hizo mbili kuna sekunde nne au tano ambamo mpiga drams anazungusha fimbo kutoa taarifa, rizimu anabadili mchapo, besi anaacha noti ndefu na kuanza kutembea, na solo anaingia na kipande chake, wote kwenye pigo moja. Mmoja akichelewa nusu pigo, wacheza dansi wanasimama na kuangalia jukwaani. Hawajui kilichotokea, ila miguu yao imejua.

Basi fanyieni mazoezi sekunde hizo. Piga mistari miwili ya mwisho ya uimbaji, vuka, piga mizunguko miwili ya chemko, simama. Rudia. Rudia tena hadi ivuke mara tano mfululizo bila mtu kuinua kichwa kwa wasiwasi. Inachosha na haina utamu, na mwimbaji atalalamika kwamba hajaimba. Kikundi chetu kilipoanza kufanya hivi, tuligundua jambo la aibu kidogo: katika nyimbo tulizopiga kwa miaka, watu wawili walikuwa na imani tofauti kuhusu nani anatoa ishara. Mmoja alimsubiri mpiga drams, mwingine alimsubiri mwimbaji ashushe mkono. Mara nyingi ishara hizo mbili ziliangukia pamoja kwa bahati.

Kila wimbo una sehemu nne za namna hiyo: kuanza, kuingia kiitikio, kuingia chemko, kuzima. Kuzima ndiko kunakosahaulika kuliko kote, kwa sababu kwenye kaseti na redio nyimbo nyingi zinafifia polepole, na bendi hai haiwezi kufifia. Lazima mkubaliane mwisho wenu wenyewe, na muuandike. Daftari la shule lenye jina la wimbo, ki (kimo cha sauti mnachopigia), kasi, nani anaanza, nani anazima, linatosha. Kasi andikeni kwa namba, kwa kutumia programu ya simu ya kuhesabu mapigo, kwa sababu kasi nayo husahaulika. Bendi iliyopumzika hurudi ikipiga haraka kuliko ilivyoacha, hasa ikiwa na furaha.

“Umeme ukikatika, mazoezi yamekwisha.”

Si kweli. Mazoezi ya sehemu nne nilizotaja yanafaa zaidi bila umeme. Gitaa kavu mbili, besi la umeme lisilounganishwa popote likisikika kwa karibu tu, mpiga drams na fimbo zake juu ya kiti cha mto, waimbaji kwa sauti ya kawaida. Ghafla kila mtu anamsikia mwenzake. Sauti ya pili iliyokuwa inaimba noti isiyo yake kwa mwaka mzima, ikifichwa na spika, inajulikana siku hiyo hiyo. Wanakwaya ndani ya bendi hufurahia sana zoezi hili, kwa sababu wamezoea kutafuta do kabla ya kufungua kinywa.

Masikio nayo yanapumzika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo amplifaya mbili na drams katika chumba cha kuta za saruji hufikia bila shida, umebaki na dakika 15. Usikivu unaopotea kwa kelele haurudi, na mwanamuziki asiyesikia sauti nyembamba huongeza sauti, akiwaumiza wengine. Chumba kidogo chenye bati juu si mahali pa kufungulia spika za ukumbini.

Umeme unahitajika kabla ya shughuli, mara moja, kwa vyombo vyote, ili kupanga viwango vya sauti.

“Kukopi ni kukopi. Ukibadilisha umekosea.”

Nusu kweli. Kila wimbo una vitu viwili vitatu ambavyo watu huutambua kwavyo kabla neno la kwanza halijaimbwa, na hivyo haviguswi. Ukipiga “Sina Makosa” ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, mwanzo wa magitaa na rizimu ya Omar Shabani ndiyo wimbo wenyewe. Rizimu ile inasikika nyepesi hadi ujaribu kuipiga dakika sita bila kuteleza. Mpiga rizimu wa ridhaa ambaye atatumia Kwaresma nzima kuisikiliza na kuifuata, mkono mmoja tu, polepole, atatoka amekuwa mpigaji mwingine.

Vingine vyote vinaweza kubadilika, na mara nyingi lazima vibadilike. Sikinde na Msondo wana tarumbeta na saksafoni. Bendi ya mtaani kwetu haina. Kuruka kipande cha tarumbeta ni kutoboa shimo katikati ya wimbo, kwa hiyo mpe mpiga kinanda au gitaa la pili akipige kwa noti zile zile. Ki nayo si amri. Mwimbaji wako akikwama juu, shusheni hatua mbili, na muandike kwenye daftari ili Juni msianze kubishana.

Wakongwe wenyewe walianza kwa kukopi. Sahani za santuri za mfululizo wa GV zenye muziki wa Kuba zilisambaa Afrika Mashariki, vijana wakazisikiliza na kuzifuata, na Salum Abdallah wa Morogoro akaipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Kilichotoka kwao kilikuwa na masikio ya Kuba na ulimi wa Kiswahili. Hata wimbo wa Them Mushrooms, “Jambo Bwana”, uliotoka mwaka 1982 kutoka kwa bendi iliyopiga hotelini Mombasa, ulichukuliwa na Boney M mwaka uliofuata na kupigwa kwa namna yao.

“Yai bichi linasafisha sauti.”

Si kweli. Unachomeza kinashuka umio kwenda tumboni. Hakipiti kwenye nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. Kama kingepita, ungepaliwa. Yai bichi linaweza kukuachia salmonela na ukakosa shughuli kabisa. Maji ya kutosha siku nzima yanasaidia kwa sababu mwili mzima unakuwa na unyevu, na mvuke wa maji moto unafika pale yai lisipofika. Mwimbaji ambaye hajaimba kwa nguvu miezi miwili anahitaji kurudi taratibu: robo saa, mara tatu kwa wiki, akianza kwa kuguna mdomo umefungwa, halafu nyimbo za chini, halafu za juu. Anayeimba kwaya kila Jumapili tayari yuko mbele ya wenzake.

“Kujirekodi kwa simu hakuna maana, simu inaharibu sauti.”

Simu inaharibu sauti ya besi, kweli. Haiharibu ukweli kuhusu muda. Iwekeni mbali na spika, upande watakaokaa wageni, juu ya kitu laini, mita nne au tano kutoka kwenye drams. Karibu zaidi ya hapo kipaza sauti chake kinalemewa na mtasikia mkwaruzo mtupu. Sikilizeni siku inayofuata, si usiku ule ule, maana usiku ule ule kila mtu anajisikiliza yeye. Mtu mmoja aandike mambo matatu tu ya kurekebisha. Mkiandika kumi hamtarekebisha hata moja.

Rekodi hiyo ina kazi nyingine kubwa. Mwenzenu aliyekwenda shambani Magugu kwa mwezi mzima anaweza kuisikiliza na kufuata kwa gitaa kavu, akijua bendi *yake* inavyopiga wimbo ule, kwa ki yenu na kwa mwisho wenu. Rekodi ya bendi iliyoupiga kwanza haitamwambia hayo.

“Bendi kali ni yenye nyimbo nyingi.”

Si kweli. Nyimbo 25 zilizokaa zinatosha sherehe nzima, zikiwemo za kuingiza maharusi, za chakula na za kucheza. Zigaweni katika mafungu manne, kila zoezi fungu moja na wimbo mmoja mpya, msizidi. Wimbo mpya ni wa lazima hata kama shughuli haipo, kwa sababu ndio unaowafanya watu watake kuja.

“Mpiga solo akiondoka, bendi imekufa.”

Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua wanamuziki wa Mlimani Park, wakiwemo waimbaji wake wakubwa Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Ni vigumu kufikiria pigo kubwa kuliko hilo kwa bendi yoyote. Sikinde haikufa. Watu wengine waliingia, nyimbo zikaendelea kupigwa, na baadaye wengine waliohama walirudi. Historia ya dansi ya Tanzania imejaa uhamaji wa namna hiyo, na bendi zilizosalimika zilikuwa na nyimbo zinazoishi kwa zaidi ya mtu mmoja.

Bendi ya ridhaa iko hatarini zaidi, kwa sababu mwalimu anaweza kuhamishiwa Kiteto kwa barua moja. Kwa hiyo tumieni miezi mitupu kubadilishana nafasi. Rizimu ajifunze mianzo ya solo, hata kama hataipiga kwa utamu ule. Kila wimbo uwe na waimbaji wawili. Mpiga tumba akae kwenye drams nusu saa kila mazoezi. Mwanzoni mtasikika vibaya, na ni afadhali msikike vibaya Februari.

Kama mnavyoandaa watu wa akiba, nyuzi za akiba nazo zinunuliwe mapema, hasa waya wa kwanza, maana ndio unaokatika. Arusha ni mwendo wa kilomita 170 hivi, na hakuna anayefunga safari hiyo asubuhi ya harusi.

“Zilipendwa hazina mwenyewe.”

Si kweli, na hili linanigusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kupiga kazi yake hadharani ni mojawapo ya haki anazolindwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Nyimbo alizotunga yeye zina ulinzi hadi mwaka 2029, na jamaa zake wana haki juu ya nyimbo hizo. Mwenye ukumbi na bendi waulizane mapema kuhusu kibali, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo ya kuelekeza.

Kuna sehemu ya jambo hili isiyohitaji ofisi wala fedha: kujua nani alitunga unachopiga. Si rahisi kama inavyoonekana, kwa sababu mara nyingi mwimbaji tunayemjua siye mtunzi. Hata “Malaika”, inayopigwa kwenye kila harusi, ilirekodiwa na Fadhili William wa Kenya huku Adam Salim wa Tanzania akidai kwamba aliitunga yeye. Tafuteni, ulizeni wazee waliokuwepo, linganisheni majibu. Kwenye daftari, pembeni ya ki na kasi, ongezeni safu nyingine yenye jina la mtunzi na bendi iliyoupiga kwanza, na siku ya shughuli mshereheshaji apewe nakala ili ayataje majina hayo kwenye maiki kabla ya kila wimbo.